Runinga ya chogo katika milima ya Uskoti

Kaka yetu anayeishi Leicester alinunua gari-nyumba miaka mitatu iliyopita. Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuliona, ni gari lenye kimo cha daladala kubwa, lililojengwa juu ya injini na fremu ya Fiat, na ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, sinki, choo na meza ambayo usiku hukunjwa ikawa kitanda cha sita. Lilikuwa kuukuu tangu siku lilipoingia mikononi mwake, likiwa limepita kwa wenyewe wawili au watatu, na kila mmoja aliacha ndani yake alama yake. Mmoja aliacha mapazia ya maua. Mwingine aliacha dishi dogo juu ya paa, la kuzungushwa kwa mpini kutoka ndani. Na mmoja, Mwenyezi Mungu amsamehe, aliacha runinga ya chogo ya inchi 14, iliyofungwa kwa mikanda ndani ya kabati juu ya mlango, nzito kama mtungi wa maji.

Tulipowasili Leicester kutoka Tanga, siku chache kabla ya Idi kubwa ya mwaka 2024, runinga ile ilikuwa kichekesho cha nyumba. Kaka alikuwa na fikra ya kuipeleka Tanga kwa kontena ili iwafae watoto wa madrasa. Tulikataa kwa heshima. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo chogo lisilo na king'amuzi limebaki kuwa meza ya kuwekea redio. Bandari zetu zimekwisha kupokea vyombo vya kutosha ambavyo Ulaya haivihitaji tena.

Safari yenyewe ilikuwa rai ya Mama. Yeye anaishi na Kaka kwa sababu ya maradhi, na katika miaka yote hiyo hakupata kuona Uingereza zaidi ya nyumba, hospitali na msikiti. Alisikia kwamba katika visiwa vya mbali vya kaskazini-magharibi mwa Uskoti, katika mji wa Stornoway, Waislamu wamefungua msikiti mwaka 2018, ndani ya jengo lililokuwa gofu. Akasema anataka kuswali huko rakaa mbili. Basi Jumanne ya tarehe 18 Juni tukaondoka watu sita: Mama, Kaka, Shemeji, vijana wao wawili, na sisi tuliotoka Tanga kwa niaba ya ndugu wengine.

Yapo mambo mawili kuhusu Mama ambayo msomaji lazima ayajue tangu mwanzo. La kwanza ni kwamba hulala kwa msaada wa mashine. Ana tatizo la pumzi kukatika usingizini, na hospitali ilimpa mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani usiku kucha. Bila ya mashine hafi, lakini hushituka kila mara akitafuta pumzi, na asubuhi huamka na kichwa kizito na moyo unaokwenda mbio. La pili ni kwamba mdogo wake, ambaye sisi humwita mama mdogo, alikuwa Makka katika hija ya mwaka ule.

Usiku wa kwanza tulilala karibu na Keswick, katika kambi ya magari iliyo kando ya maziwa ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Kila gari hupewa soketi ya umeme nje, unachomeka waya mrefu, na ndani unakuwa kama uko nyumbani. Mashine ya Mama ilivuma hadi alfajiri, na hatukuwaza lolote.

Asubuhi Kaka alitupitisha Whitehaven, mji wa bandari ya zamani, kwa sababu moja tu. Huko ndiko Uingereza ilikoanza kuzima analojia, mwezi Oktoba 2007, miaka mitano kabla ya Dar es Salaam. Kazi hiyo iliendelea mkoa kwa mkoa hadi Oktoba 2012 ilipomalizikia Ireland ya Kaskazini. Kaka, ambaye ni mtu wa mzaha, alitaka chogo lake lizuru mahali lilipouawa. Hatukuona mnara wala bango. Tuliona mashua, ndege wa baharini, na mzee mmoja aliyetuuliza kama tumepotea njia.

Mchana kutwa tulikwenda kaskazini, tukaipita Glasgow, tukalifuata Ziwa Lomond ambalo barabara imelikumbatia kwa maili nyingi, kisha tukapanda kwenye nyanda tupu za Rannoch hadi tukateremka bonde la Glencoe. Hapo lugha ya mtu hufupika. Milima imesimama pande mbili kama kuta, haina miti, imevaa majani ya kijani na mawe meusi, na maji yanatiririka kutoka kila mkunjo. Tuliteremka mwanzo wa bonde, tukaegesha mahali palipoandikwa kuwa magari ya kulala huruhusiwa usiku mmoja kwa ada. Umeme haukuwepo. Mtandao wa simu nao haukuwepo.

Tulidhani tutakaa nje jioni nzima. Hatukujua habari ya usubi. Wenzetu wa bara waliokulia kando ya mito wanaujua mdudu huyo, lakini wa Uskoti ni jeshi zima. Upepo ulipotulia walitoka majanini kama moshi, wakaingia masikioni, machoni, ndani ya mikono ya kanzu. Ndani ya dakika kumi watu wote sita tulikuwa tumejifungia garini. Na watu sita waliojifungia ndani ya chumba chenye ukubwa wa stoo ya duka, jua likiwa bado linawaka nje, watafanya nini? Vijana waliwasha runinga.

Kuna jambo la kueleza kuhusu dishi. Mawimbi ya kawaida ya ardhini hayafiki katika bonde lile, kwa hiyo tegemeo ni setilaiti. Setilaiti zinazotumika Uingereza zinakaa juu ya ikweta kwenye nyuzi 28.2 za mashariki, na kutoka Glencoe zinaonekana chini sana, hazifiki nyuzi 20 juu ya upeo wa macho, hivyo mlima mmoja tu mbele yako unatosha kukunyima kila kitu. Kijana mdogo alizungusha mpini hadi picha ikatulia. Akatazama dira kwenye simu yake, akasema: "Baba mdogo, dishi limetuonyesha kibla!" Tulimsifu kwa kufikiri, kisha tukampimia. Dishi lilielekea nyuzi 142 hivi, kusini-mashariki. Kibla kutoka pale ni nyuzi 118, karibu zaidi na mashariki. Mtu akilifuata dishi atakuwa amekosea kwa nyuzi 24. Aliandika namba zile mbili kwa kalamu kwenye mbao ya kabati, na bado zipo.

Jioni ile Uskoti ilikuwa ikicheza na Uswisi katika mashindano ya Ulaya. Runinga iliwashwa saa moja na nusu, mpira ulianza saa mbili, na ulipokwisha kwa sare ya bao moja kwa moja jua lilikuwa bado halijazama. Katika siku hizo magharibi ya huko huingia baada ya saa nne ya usiku. Tuliswali Magharibi na Isha kwa kukusanya, Isha tukiipunguza kwa ruhusa ya msafiri, wawili wawili kwa zamu kwa sababu ya ufinyu, gari likiwa limeegeshwa kuelekea 118 ya kijana.

Suala la Isha katika nchi hizi linastahili makala yake. Katikati ya Juni jua la Uskoti halishuki chini ya upeo kiasi cha kuleta giza kamili. Wekundu na weupe wa mbingu hukaa kaskazini usiku mzima, na alama ya kuingia Isha, kama ilivyo katika vitabu tulivyosomeshwa chuoni, haipatikani. Wanazuoni wamekadiria kwa njia mbalimbali: wapo wanaougawa usiku sehemu saba, wapo wanaochukua nusu yake, wapo wanaofuata mji wa karibu au siku ya karibu ambayo alama zilionekana. Tulikuwa tumeisoma mas-ala hii kwenye mkeka, Tanga, ambako jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na tuliihesabu kuwa mazoezi ya akili.

Baada ya swala Mama aliomba runinga iachwe kwenye habari. Ilikuwa siku ambayo dunia ilianza kusikia juu ya joto la Makka. Jumatatu ile kipimo kilikuwa kimefika nyuzi 51.8 katika Msikiti Mtukufu, na mashirika ya habari yalikuwa yanataja mamia ya mahujaji waliofariki, idadi ikipanda kila baada ya saa chache. Hatukuwa na simu ya kumtafuta mama mdogo. Mama alikaa ameegemeza mto, tasbihi mkononi, akiitazama picha ile ndogo iliyopinda ambayo ilikuwa ikirudia yale yale. Sisi wengine tulisinzia mmoja mmoja. Baadaye alitueleza kuwa aliizima saa sita na nusu, akavaa barakoa yake, akalala.

Tulipoamka kwa alfajiri tulimkuta ameketi mahali pale pale, barakoa iko mapajani, mashine imenyamaza. Taa ndogo nyekundu ya inveta ilikuwa inamwekamweka. Betri ilikuwa imekwisha tangu saa tisa. Midomo yake ilikuwa imefifia rangi na kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa amekaa wima muda wote ule ili asilale, kwa kuwa akilala pumzi hukatika, na hakumwamsha mtu.

"Mliendesha kutwa nzima," alisema. "Mie nimekaa tu."

Kaka aliwasha injini papo hapo ili ichaji betri, na ndani ya dakika chache mashine ilifanya kazi. Lakini kabla ya hapo tulifanya kosa. Tuliwageukia vijana wale wawili, tukawakemea kwa maneno makali, kwamba mpira wao umemkosesha bibi yao pumzi, kwamba huu ndio mwisho wa mtu kutawaliwa na kioo. Kijana mkubwa alitoka nje akasimama katikati ya usubi bila kujifunika.

Shemeji ndiye aliyesema wazi kwamba runinga itolewe garini na isirudi nyingine. "Tumekuja kuona alivyoumba Mwenyezi Mungu, tukakaa na mgongo kwa milima tukitazama nyasi za Ujerumani," alisema. Hoja yake ilikuwa na nguvu na hatukuwa na haja ya kushawishiwa. Katika kamati ya msikiti wetu tumekwisha kukaa vikao vitatu juu ya runinga katika ukumbi wa wanawake, na kila kikao tulikuwa upande wa wasioitaka.

Mama alisubiri tumalize. Kisha akasema: "Mpira ulikwisha saa nne kasorobo. Mwenye kuiacha iwake hadi sita na nusu ni mie. Mnawagombeza watoto kwa kosa langu, na kosa langu ni kuwa mdogo wangu yuko Makka." Hatukuwa na jawabu. Tulitoka nje tukamtaka radhi kijana mkubwa, uso wake ukiwa umevimba kwa kuumwa.

Tulifika Fort William saa tatu asubuhi na simu zote zikalia kwa pamoja. Ujumbe wa mama mdogo ulikuwa wa jana yake, saa kumi ya jioni: yuko hotelini na kundi lake, miguu imevimba, anauliza kama Mama anakunywa dawa. Mama aliusikiliza ujumbe wa sauti mara nne katika maegesho ya duka, kisha akaomba chai.

Sasa tuliweza kukaa na hesabu. Betri ya sehemu ya nyumba ilikuwa ya saa-ampea 110, ya maji na risasi, na betri ya aina hiyo haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo uliyo nayo kwa kweli ni 55, na ikizeeka hupungua. Chogo lilikula wati 50 hivi, king'amuzi cha dishi 15, na kwa kuwa vyote viwili ni vya umeme wa nyumbani vilipitia kwenye inveta, ambayo nayo hula chake. Jumla ni kama wati 75. Gawa kwa volti 12, unapata ampea sita na ushei. Zidisha kwa saa tano: 31. Ongeza taa na pampu ya maji, tano nyingine. Mashine ya Mama, nayo kupitia inveta, ilihitaji ampea nne kwa saa. Betri mpya ingemchukua Mama chini ya saa tano. Ile ya Kaka, iliyokwisha kuchoka, ilimchukua mbili na nusu. Karatasi ile tuliikunja tukaitia mfukoni, kwa sababu ilituonyesha kuwa jambo hili lilikuwa linajulikana kabla ya kutokea. Yeyote kati yetu angeweza kupiga hesabu hiyo Leicester, mezani, kwa dakika tano.

Rai ya kuitupa runinga ilibaki mezani hadi Inverness. Kaka alitaka mpya. Shemeji hakutaka kabisa. Mama aliulizwa, akasema yeye anataka mashine yake iwake, na baada ya hapo, kama kuna njia, anataka kusikia habari za Makka jioni. Hapo tulilazimika kukiri jambo ambalo vikaoni hatukulikiri. Chombo kile kile kilichomkesesha ndicho kilichokuwa dirisha lake pekee katika bonde lisilo na simu. Tulikubaliana hivi: mashine kwanza, runinga kwa kile kitakachobaki, na kikomo chake kiandikwe.

Tuliagiza vitu vitatu katika duka moja la vifaa vya magari hayo. Cha kwanza ni betri mpya. Cha pili ni waya maalumu wa kuiunganisha mashine ya pumzi na volti 12 moja kwa moja, bila inveta, jambo ambalo peke yake lilipunguza ulaji wake. Cha tatu ni runinga bapa ya inchi 22, yenye king'amuzi cha setilaiti ndani yake, inayokula wati 24 tu kutoka volti 12, yaani ampea mbili. Saa tano zilizokuwa zikila 31 sasa zingekula kumi. Bei yake ilizidi kidogo pauni mia mbili. Zipo za nyumbani za nusu ya bei hiyo zenye adapta ya volti 12, na Kaka alizishika mkononi.

Aliyetuzuia ni jirani yetu wa kambini, fundi umeme mstaafu, Mskoti, aliyekuwa akipita na mbwa wake akatukuta tumelitoa chogo nje kama mgonjwa. Alieleza kuwa umeme wa gari si 12 hasa. Injini ikiwaka, altaneta husukuma zaidi ya volti 14, na betri ikichoka hushuka hadi 11. Runinga isiyotengenezwa kuvumilia mpando na mshuko huo hufa siku yoyote. Kisha akatutaka tusiunge waya wake kwenye waya wa taa uliokuwa karibu, kwa kuwa waya mwembamba na mrefu hupoteza nguvu njiani na runinga itakuwa ikijizima yenyewe watu wakidhani ni mbovu. Tukavuta waya mnene mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri, tukatia fyuzi ya ampea tano karibu kabisa na betri, si karibu na runinga, ili waya ukikwaruzwa mahali popote fyuzi ikatike kabla ya moto kuanza.

Chogo lenyewe alituonya tusilifungue. Mrija wake wa kioo hubaki na umeme mkali ndani hata ukiwa umechomolewa, na kioo chake kina risasi, kwa hiyo tulilipeleka zima hadi kituo cha kukusanyia taka za umeme. Watu wawili walilibeba. Runinga mpya iliningʼinizwa kwa mkono mmoja kwenye chuma chenye kufuli, ili barabara mbaya isiitikise. Ilitubidi kuinamisha uso wake chini kidogo, kwani ukiitazama kutoka chini au juu sana picha huwa nyeusi. Chogo, tulisikitika kukiri, halikuwa na kasoro hiyo.

Kabati lililobaki tupu lilipigwa rafu. Mashine ya Mama ilikaa hapo, ikiwa na soketi yake na fyuzi yake, na msahafu wake juu yake. Mzee yule alikataa malipo, lakini hakukataa sambusa. Alikula sita.

Kitu kimoja kilitushangaza, nacho ni kwamba Kaka hulipa leseni ya kutazama runinga, ambayo mwaka ule wa 2024 ilikuwa pauni 169 na nusu kwa mwaka, na leseni ya nyumbani ndiyo inayomfuata hata garini. Tulipomwambia kuwa kwetu tunalipia vifurushi vya mwezi alisema hiyo ni leseni kwa jina jingine.

Ijumaa tuliswali Inverness ingawa msafiri hana wajibu wa Ijumaa. Jumamosi tulivuka kutoka Ullapool kwa feri, saa mbili na dakika arobaini na tano za bahari ya kijivu, na Mama alikaa dirishani bila kusema kitu.

Msikiti wa Stornoway ni mdogo. Hauna mnara wa kuonekana kutoka mbali, na mtu anaweza kuupita asijue. Waislamu wa kisiwa kile wengi wao ni kizazi cha wafanyabiashara kutoka Pakistani waliofika miongo mingi iliyopita wakiuza nguo kijiji kwa kijiji, na kabla ya 2018 hapakuwa na msikiti katika visiwa vyote hivyo vya magharibi. Mama aliswali rakaa zake mbili, kisha akaongeza mbili, kisha akatukawiza kwa dua hadi chai tuliyokaribishwa ikapoa. Alitaja majina. Tulisikia la mama mdogo, la baba yetu marehemu, na, kwa mshangao wetu, aliomba kwa ajili ya "yule mzee wa mbwa."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Kisiwa cha Lewis kinajulikana kwa kuitukuza siku hiyo. Maduka karibu yote hufungwa, watu hawaaniki nguo, na feri ya Jumapili yenyewe haikuanza hadi Julai 2009, tena baada ya mabishano marefu. Sisi tulioko katika nchi ambazo adhana hulalamikiwa na kengele hulalamikiwa tulipita barabara zile tupu kwa adabu. Tuliegesha jioni kando ya ufuo, juu ya malisho ya kijiji, penye sanduku la mbao la kutilia pauni kadhaa kwa uaminifu. Hakuna umeme. Upepo ulikuwa mkali, na usubi haukutokea.

Shemeji alikuwa ameandika karatasi akaibandika chini ya namba za kibla: runinga saa tatu tu kwa usiku usio na umeme, na ikishuka volti 12.3 izimwe hata ikiwa penalti. Usiku ule Uskoti ilicheza na Hungaria, ikafungwa bao katika dakika ya mia, muda ambao vijana walikuwa wameshaanza kuhesabu sare. Walilia kimya kimya, sauti ikiwa chini kwa ajili ya majirani wa Sabato. Baada ya Magharibi Mama alipewa saa yake. Serikali ya Saudia ilitangaza usiku huo kuwa waliofariki katika hija ile ni watu 1,301, na kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wamekwenda bila kibali, wakitembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama alitazama hadi mwisho. Alisema hao ni watu waliouza mashamba ili wafike pale.

Saa tano na nusu kijana mkubwa alisimama bila kuambiwa, akabonyeza swichi ukutani, si rimoti, maana rimoti huacha runinga ikinyonya kidogo kidogo. Akasoma kipimo kwa sauti. Akamfunga bibi yake mikanda ya barakoa kichwani.

Tulipoamka kwa alfajiri, mbingu ya kaskazini ikiwa haikuwa giza hata mara moja, kipimo kilisoma volti 12.4, na Mama alikuwa amelala ubavu, mashine inavuma.